Mkono wa Kushoto Kwenye Bundu

Mlango tuliouacha wazi juma lililopita bado uko wazi, msomaji, na mdomo wa bastola bado unakitazama kifua cha mwalimu Docus.

Aliyeishika ni Davis. Docus hakuwahi kukutana naye, lakini alimjua papo hapo kwa jinsi mdogo wake wa kiume, Emma, alivyomweleza: koti la jeshi lililonunuliwa kwenye mitumba, jino la mbele lililovunjika, magamba ya samaki yaliyokaukia kwenye mikono ya koti. Ndiye huyu, kwa maneno ya Emma, aliyempiga risasi mvuvi Nobert kule Hamukungu, akamsukuma kutoka mtumbwini hadi majini kama mtu anayetupa maganda. Kesho Docus na Emma walikuwa waende Kasese, kituo cha polisi, Emma akaseme alichokiona.

"Funga mlango," Davis alisema.

Docus akaufunga.

"Emma iko wapi?"

"Haiko."

"Haiko naiona mwenyewe. Nauliza iko wapi."

Ukweli ulikuwa mfupi na wa kutisha. Ilikuwa siku ya soko hapa Bwera, mpakani, na Emma alikuwa sokoni akishusha magunia ya muhogo. Jua lilikuwa limefika utosini. Muda wowote angeingia kwa mlango huo huo, akipiga mluzi, akiuliza kuna nini cha kula. Njaa ya Emma haikuwahi kuchelewa nyumbani.

Docus, dada mtu, ndiye aliyemlea tangu wazazi walipokufa. Alimfundisha kusoma, kuomba, kusema asante. Sasa alikuwa na kazi moja tu duniani: huyu mtu asiwe ndani Emma atakapofika, au asiwe na bastola.

Sauti ikatoka pembeni, kwenye mkeka.

"Docus, ni nani huyo? Mbona anaingia kama mbuzi, hasalimii?"

Alikuwa Loyi, bibi yao mzaa baba. Ameshuka kutoka Mahango, mlimani, kungoja madaktari wa macho, kwa maana mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, meupe kama maziwa. Loyi husikia inzi akitua. Bastola haioni.

Davis aliweka kidole midomoni. Kisha, polepole, akageuza bastola kutoka kifua cha mwalimu hadi kichwa cha kikongwe.

"Akijua kitu, naanza na yeye," alinong'ona. Pumzi yake ilinuka pombe ya waragi na samaki wa jana.

Docus alihisi kinyaa. Kuna mtu anaweza kumwelekezea bunduki bibi asiyeona, na mkono usitetemeke.

"Ni mgeni, bibi," alisema. "Rafiki ya Emma."

"Basi aketi. Chakula iko tayari, harufu ya sombe imenifikia zamani."

"Nimeshiba, bibi," Davis akasema.

"Umeshiba wapi? Tumbo yako naisikia kutoka hapa."

Na ilikuwa kweli. Tumbo la Davis lilikuwa limenguruma, likasikika chumba kizima.

"Mgeni akikataa chakula ya nyumba, amekuja na neno mubaya," Loyi aliendelea. "Weye umekuja na neno mubaya?"

"Hapana, bibi."

"Basi keti, mutoto wangu."

Davis alimtazama Docus, akacheka bila sauti. Jino lile lililovunjika likaonekana, jeusi kwa chini. Aliketi mkekani, mgongo ukutani, macho mlangoni.

"Tutamngoja tukila," alinong'ona. "Leta."

Docus akaweka sinia katikati. Bundu lilifuka mvuke, ule ugali wa muhogo wa kwetu unaong'ang'ania vidole kama ulimbo, na kando yake sombe, kisamvu cha huku, na vipande vya samaki wa ngege. Alikuwa amekumbuka kunawa.

Nani hunawa kwa mkono mmoja? Hata mlevi, hata mwizi, huweka chini alichoshika, akakinga viganja. Alileta birika na beseni, akapiga magoti mbele ya Davis kama apigavyo mbele ya mgeni yeyote, akainamisha birika.

Davis akatoa mkono wa kushoto peke yake. Wa kulia ukabaki na bastola.

Maji yakachuruzika, Loyi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Nawa vizuri."

"Ninanawa, bibi."

Katika beseni maji yaligeuka rangi ya matope. Magamba mawili yakaelea. Chini ya kucha za yule mtu kulikuwa na kitu cheusi, na Docus hakutaka kujua ni nini.

Kisha Davis akautia ule mkono wa kushoto katika sinia.

Msomaji, unajua kazi za mkono wa kushoto, na unajua kwamba hazitajwi watu wakila. Mkono ule ukamega bundu, ukalichovya kwenye sombe, ukalipeleka mdomoni, ukarudi ukiwa umelambwa. Mchuzi ulimtiririka kidevuni. Alitafuna mdomo wazi, mifupa ya samaki akaitema juu ya mkeka.

Docus alijishangaa. Kifo kilikuwa katika mkono mmoja, na kinyaa chake kilikuwa kwa mkono wa pili.

"Weye mwana wa nani?" Loyi aliuliza, huku naye akimega upande wake.

"Wa Syahuka." Alijibu kabla hajafikiri. Uso wake ukaonyesha kwamba angependa kulirudisha neno kinywani.

"Syahuka wa wapi?"

Davis akamega tonge jingine.

"Nauliza Syahuka wa wapi. Kina Syahuka beko wengi."

"Wa Mahango."

"Mwenye kuchechemea?" Loyi aliacha kutafuna. "Na jina yako ya nyumbani?"

"Baluku."

"Ee, Baluku, jina ya mutoto wa tatu. Nilikubeba. Bibi yako alikuja kwangu kuomba moto, weye mgongoni unalia kama paka. Docus, huyu si mgeni, huyu ni wa mlimani kwetu."

Hebu fikiri. Mtu amekuja kuua, koti la jeshi mwilini, bastola mkononi, halafu anaulizwa ukoo na kikongwe mmoja na anautaja mpaka kijiji. Pale kwetu mtu anaweza kumdanganya hakimu. Kumdanganya bibi anayekuuliza wewe mwana wa nani, hapo ulimi hukataa.

Mlango ukagongwa.

Davis akakoma kutafuna. Bastola ikamwelekea Loyi tena.

"Mwalimu, uko?" Ilikuwa sauti ya Aryemo, jirani, mke wa askari aliyepanga chumba cha pili tangu mumewe alipohamishiwa huku kutoka kaskazini. "Mume wangu amekuja na wageni. Niazime chumvi."

"Mfukuze," Davis alinong'ona.

Docus akafungua mlango kwa upana wa uso wake. Aryemo alisimama na kikombe mkononi. Asubuhi hiyo hiyo, Aryemo mwenyewe ndiye aliyemletea Docus chumvi ya Katwe, mfuko mzima.

"Chumvi imeisha, jirani," Docus alisema, akimtazama machoni.

Aryemo alimtazama. Akateremsha macho hadi miguuni, akainua tena.

"Haya," alisema. Akageuka, akaenda zake.

Docus akaurudisha mlango, akisikiliza ndala za Aryemo zikififia upande wa soko. Hakukimbia. Hakupiga kelele. Amekwenda, Docus aliwaza, ameelewa na amekwenda. Ndivyo tulivyo. Kila mtu na mlango wake. Kinyaa chake kikaenea mpaka nje ya nyumba, kikawakumba majirani wote wenye masikio ya kusikiliza ukutani na miguu ya kukimbilia mbali.

"Msichana mzuri," Davis alisema, akalamba vidole.

Na hapo hapo, katika sinia, mkono wa Loyi ukagonga mkono wake.

Kikongwe hakuuondoa. Aliushika. Akaupapasa kwa vidole vyake vikavu, kifundo, kiganja, mpaka akafika kwenye kidole gumba. Akarudia tena kama mtu asiyeamini.

"Hii kidole gumba iko upande gani?" aliuliza.

Davis akajaribu kuuvuta.

"Mwana wa Syahuka, weye nakula na mukono ya kushoto? Katika sinia yangu?"

Akauachia ule mkono, akajifuta kwa kitenge chake, kidole kwa kidole. Uso wake ulijikunja kama wa mtu aliyekanyaga kitu njiani.

"Docus, toa hii chakula. Imekufa."

"Nisamehe, bibi." Sauti ya Davis ilikuwa imebadilika, imekuwa ndogo. "Mkono wa kulia uko na kidonda."

"Leta nikiguse."

"Bibi..."

"Leta. Mimi nimewafunga watu vidonda kabla ya baba yako kuzaliwa."

Mkono wa kikongwe ulikuwa umenyooka hewani, unamngoja. Ukisogea mbele kidogo tu, utashika chuma.

Davis alitazama mkono ule. Akatazama mlango. Akamtazama Docus, na kwa mara ya kwanza machoni mwake hakukuwa na dharau, kulikuwa na haya ya mtoto aliyekutwa akichota sukari. Kisha akafanya kosa ambalo mgeni wa nchi hii asingelifanya kamwe. Aliilaza bastola mapajani, akampa bibi mkono wa kulia.

Loyi aliupapasa. Akaunusa.

"Hakuna kidonda. Iko uchafu tu, na harufu ya chuma." Hakuuachia. "Docus, leta bundu mupya. Na maji. Huyu atanawa yote miwili, mimi nikimusikia."

"Ndiyo, bibi."

Sufuria lilikuwa juu ya sigiri, makaa bado mekundu. Bundu lililobaki ndani lilitokota kwa chini, zito, likipasua mapovu taratibu. Docus alichukua mwiko na bakuli.

Hebu tuseme kweli. Docus alikuwa mtu wa kuamini. Darasani kwake hakuna fimbo. Aliwaambia watoto kwamba hakuna moyo usio na mlango, kwamba neno la upole hutoa nyoka pangoni. Aliyaamini hayo hata alipokuwa anachota, na ndiyo sababu alichota huku akilia.

"Keti sawa, nitazame ninapoongea," Loyi alikuwa akimwambia Davis, ameushika ule mkono kwa vyote viwili vyake. "Macho sina, lakini najua mtu anayetazama pembeni. Bibi yako angekuona leo..."

Davis alimwona Docus akija. Aliona mvuke.

"Maji iko wapi?" aliuliza.

Docus akamwaga bakuli zima la bundu mapajani mwa Davis, juu ya bastola.

Davis alipiga ukelele wa mnyama. Akauchomoa mkono kutoka kwa Loyi, na badala ya kuruka, badala ya kujikung'uta, akaizamisha mikono yote miwili ndani ya bundu kuitafuta bastola.

Bundu la moto haliachi mtu. Unavuta, linafuata. Unakung'uta, linahamia kidole cha pili. Davis aliipata bastola, akaiinua, na bundu likaja nayo, nyuzi nyeupe kutoka chuma hadi vifundo. Kidole kikatafuta kifyatulio, hakikukiona. Bastola ikamponyoka na kuanguka mkekani kama tonge.

Na Docus alifanya nini? Wapo watakaomwita mjinga. Kabla hajaigusa bastola, alinyakua birika, akamwagia Davis maji baridi mikononi. Ndipo alipokumbuka. Akaitupia kitenge ile bastola, akaiokota, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Harufu ilijaa chumbani. Muhogo, na kitu kingine chini yake, kitamu kidogo, na alipotambua kwamba ni ngozi ya mtu, Docus aligeuza uso akatapika kwenye beseni la kunawia. Alikuwa amejua. Alipomwaga alijua kabisa kwamba yule mtu angeitia mikono mwenyewe.

"Nani amemwaga chakula?" Loyi aliuliza. "Docus? Nani analia?"

Mlango ukafunguliwa kwa teke.

Aryemo hakuwa amekimbia. Nyuma yake lilisimama nusu ya soko: wachuuzi, waendesha bodaboda, wanawake waliovuka kutoka Kongo na vitenge vyao mabegani.

"Chumvi niliyokuletea mimi asubuhi inaisha vipi?" Aryemo alisema. Akaona bastola, akaona mikono ya Davis. "Uko mzima?"

"Mzima."

"Bibi?"

"Mzima."

"Toeni huyo mwizi," mtu alisema kutoka nyuma.

"Si mwizi," Docus akasema.

"Basi ni nani?"

Jiwe likapita kandoni mwa sikio la Docus, likagonga sufuria. Wengine walicheka. Simu zilikuwa juu kuliko mawe, na kijana mmoja alikuwa amejipenyeza mpaka kizingitini, anapiga picha mikono ile iliyobabuka, anamwambia mwenzake asogee, anamzibia mwanga.

Docus akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili. "Hamtaingia. Kama mnamtaka, nipigeni mimi kwanza."

"Mwalimu, huyu alikuja kukuua."

"Najua alichokuja kufanya. Nyinyi mmekuja kufanya nini?"

Swali lile liliwaudhi. Watu wakaanza kusukumana. Hapo Aryemo akageuka kuwakabili, kikombe cha chumvi bado mkononi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kambini.

"Rudi nyuma. Wewe wa simu, rudi nyuma. Polisi wameitwa. Mtu akivuka hapa nitajua jina lake na la mkewe."

Wakarudi, wakinung'unika, hadi upande wa pili wa ua. Aryemo akabaki nao, mgongo kwa nyumba.

Ndani, Davis alikuwa ameketi sakafuni, mikono ndani ya ndoo ya maji.

"Mwalimu," alisema. "Mimi nilipiga kasia tu."

Docus alicheka kwa uchungu. Kila muuaji alipiga kasia tu.

"Usiku wa Hamukungu nilikuwa nyuma ya mtumbwi. Risasi ilitoka mbele. Kesho mnaenda Kasese kunitaja mimi. Nilikuja ili Emma aseme mwenyewe, mbele ya dada yake. Ukimwuliza mtu mikono mitupu, hasemi."

"Kwa bastola yako."

"Si yangu. Ilikuwa imefukiwa nyuma ya vibanda vya kukaushia samaki. Mimi nimeifukua tu."

"Iko bastola humu ndani?" Loyi aliuliza polepole. Kikongwe akakusanya miguu yake, akajivuta mbali na sauti ya Davis mpaka alipofika ukutani.

"Ya nani, basi?" Docus aliuliza. Alitaka kumsikia akidanganya. Alitaka amchukie bila doa.

Davis alifungua mdomo. Kisha akatazama nyuma ya bega la Docus, akaufunga.

Emma alikuwa amesimama mlangoni. Unga wa muhogo ulikuwa nyweleni na kwenye nyusi. Aryemo alikuwa amempisha. Nani amzuie mtoto wa nyumba?

"Emma," Docus alisema kwa shukrani. Yu hai. Wote wako hai. "Tumepona, ndugu yangu. Bibi amepona."

Emma hakumtazama bibi. Hakuitazama mikono ya Davis, wala matapishi, wala bundu lililotapakaa. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kitenge kilichokuwa mkononi mwa dada yake, na kwenye kile kilichochomoza.

"Nipe hiyo, dada," alisema kwa upole. "Shika taratibu. Bado iko na risasi mbili."

Docus alisikia maneno yakimwingia moja moja. Akamtazama uso, uso aliouosha tangu mtoto, aliouvika kofia ya ubatizo. Kinyaa kikarudi, na safari hii hakikutoka kwenye harufu.

"Umejuaje?" aliuliza.

Emma aliingia ndani, akaurudisha mlango nyuma yake, akatia komeo.